Jinsi ya kutengeneza orodha ya wachezaji wa kaunti ndogo ya kriketi Uingereza

Sisi wa huku kriketi ya Uingereza tunaijua kwa majina yale makubwa tu, Surrey, Yorkshire, Lancashire, basi. Chini yao kuna timu nyingine 20 ambazo kwa zaidi ya miaka mia zilikuwa zinaitwa kaunti ndogo, Minor Counties, mpaka 2020 wakabadilishiwa jina wakawa National Counties. Norfolk, Staffordshire, Devon, Cheshire, Shropshire, Wiltshire na wengineo. Ligi yao ilianza 1895 na imepitisha watu wa ajabu sana, ila ukijaribu kutengeneza orodha ya "wachezaji wote waliochezea kaunti fulani" utakuta kila ukurasa unakupa namba tofauti, huyu anasema wachezaji mia na kitu, yule anasema mia kadhaa, na wote wawili wako sahihi kwa namna yao. Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa takwimu, au unaandika makala, au una hamu tu kama mimi, twende taratibu.

Amua kwanza "kuchezea" maana yake nini

Hapa ndipo kazi nzima ilipo, mengine ni kuchapa tu. Mchezaji wa kaunti ndogo anaweza kuwa ameingia uwanjani kwa njia tatu. Ya kwanza ni ligi yenyewe ya kaunti ndogo, zile mechi za siku mbili ambazo baadaye zikawa za siku tatu. Ya pili ni kombe lao wenyewe la mechi za siku moja, lililoanza 1983. Ya tatu ndiyo inayopendwa na wenye orodha za mtandaoni, yaani zile mechi ambazo kaunti ndogo ilikuwa inakutana na kaunti kubwa kwenye kombe la taifa la siku moja, lile lililoanza 1963 likiitwa Gillette Cup, 1981 likawa NatWest Trophy, 2001 likawa la Cheltenham & Gloucester. Kaunti ndogo ziliingizwa kuanzia 1964 na zikaendelea mpaka 2005, halafu mfumo ukabadilishwa wakatolewa.

Hizo mechi za njia ya tatu tu ndizo zenye hadhi ya List A, yaani rekodi zake zinahesabika rasmi pamoja na za wakubwa. Hilo jina walilianzisha wale wataalamu wa takwimu wa Association of Cricket Statisticians, chama cha tangu 1973, na ICC, baraza la kriketi la dunia, ikaja kulikubali rasmi 2006. Kwa hiyo ukiona orodha imeandikwa "wachezaji wa List A wa kaunti fulani", elewa kwamba hiyo ni orodha ya watu waliobahatika kuwepo siku kaunti yao ilipopangwa na mkubwa, na kwa kawaida ilikuwa mechi moja tu kwa mwaka kwa sababu walikuwa wanatolewa raundi ya kwanza!

Sasa cheki madhara yake. Sydney Barnes, ambaye wengi wanamtaja kama mrushaji bora kuliko wote waliowahi kuishi, alichezea Staffordshire kuanzia 1904 mpaka 1914, akarudi 1924 mpaka 1935, akachukua wiketi 1,441, yaani alitoa wapigaji mara 1,441, kwa wastani wa mikimbio (alama) 8.15 kila wiketi, na kwa mrushaji wastani ukiwa mdogo ndiyo bora. Hiyo 8.15 siyo kosa la kuchapa. Na miaka hiyohiyo alikuwa anaitwa timu ya taifa kutoka kaunti ndogo, na kwa jumla ya maisha yake alicheza mechi za Test (zile kubwa za kimataifa) 27 akachukua wiketi 189, wiketi 49 kati ya hizo alizichukua Afrika Kusini kwenye mechi nne tu za msimu wa 1913/14. Staffordshire walibeba ubingwa 1906, 1908 na 1911 na yeye yumo. Lakini fungua orodha ya List A ya Staffordshire, Barnes hayupo, na hawezi kuwepo maana kombe lenyewe lilianza zaidi ya miaka 25 baada ya yeye kuacha. Utamkuta kijana aliyecheza mechi moja ya NatWest, akapata mikimbio sita, akatolewa na hakurudi tena. Mimi naona orodha ya namna hiyo ni halali kabisa, ila usiipe kichwa cha "wachezaji wa Staffordshire" ukaishia hapo, huko ni kudanganya watu.

Ushauri wangu: tengeneza orodha mbili kwenye faili moja. Moja ya List A, hiyo ni fupi, ina mwanzo na mwisho (1964 mpaka 2005) na haiongezeki tena, kwa hiyo unaweza kuimaliza kabisa ukaenda kulala. Siku hizi wanacheza tena na kaunti kubwa mechi za kujipima nguvu ila hizo hazina hadhi hiyo, usizichanganye. Ya pili ni ya ligi, hiyo ni ndefu na haiishi, utakuwa unaijaza kidogokidogo.

Tafuta skokadi, usiamini wasifu

Skokadi ni ile karatasi ya mechi inayoonyesha nani kapiga ngapi, nani kamtoa nani. Anza na CricketArchive, ndiyo yenye mechi nyingi za kaunti ndogo kuliko sehemu nyingine, ila sehemu kubwa unalipia. ESPNcricinfo ni bure na ina wasifu wa wachezaji wengi wa List A, ila kwa ligi ya kaunti ndogo utaambulia kidogo. Halafu kuna Wisden, kitabu cha kila mwaka tangu 1864, toleo za zamani zimeskaniwa na zipo mtandaoni. Kumbuka tu kwamba toleo la mwaka huu linaripoti msimu wa mwaka uliopita, ukitaka msimu wa 1911 fungua la 1912.

Wasifu unakwambia "alichezea Norfolk na Middlesex" bila kukwambia lini wala mechi gani. Skokadi ndiyo ushahidi. Jina lisipokuwa kwenye skokadi, usiliingize, hata kama gazeti la kijijini kwao linasema alikuwa gwiji.

Mitego ya majina

Chukua ukoo wa Edrich wa Norfolk, ukoo wa wakulima uliojaa kriketi kama vile ndiyo zao lao. Bill Edrich, yule aliyepiga mikimbio 3,539 msimu mmoja wa 1947 akiwa Middlesex, kwenye skokadi hayupo kama B. Edrich, yupo kama W.J. Edrich kwa sababu Bill ni kifupi cha William. Ukitafuta B. utampata Brian, mdogo wake, aliyekuwa Kent na Glamorgan. Wapo tena Eric na Geoff, ndugu wa tumbo moja, halafu binamu yao John ambaye alipita Norfolk akiwa kijana kabla ya kwenda Surrey na timu ya taifa. Sasa ukiandika "Edrich" peke yake kwenye safu ya jina umeshaharibu. Andika herufi zote za mwanzo, jina kamili, jina la utani, na mwaka wa kuzaliwa, safu nne tofauti, utanishukuru baadaye.

Huyo Bill mwenyewe ana mtego mwingine. Alianzia Norfolk miaka ya 30, akaenda Middlesex mpaka 1958, halafu akarudi Norfolk akaendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70, na ndiyo maana kwenye orodha ya List A ya Norfolk utamkuta mzee anayekaribia miaka 50 anacheza Gillette Cup. Kwa hiyo ukiandika "1932 mpaka miaka ya 70" kama vile hakutoka unadanganya, gawa vipindi. Vilevile mtu aliyeandikwa 1912 mpaka 1922 hakucheza miaka kumi mfululizo, ligi ilisimama kwa ajili ya vita kuanzia 1915 ikarudi 1920, na vita ya pili hivyohivyo ikasimama mpaka 1946.

Kingine, kabla ya 1963 Waingereza walikuwa wanatenganisha wachezaji wa kulipwa na wale mabwana waliocheza bure, na tofauti ilionekana mpaka kwenye karatasi. Bwana anawekewa "Mr." au herufi zake zinatangulia jina la ukoo, wa kulipwa anapewa jina la ukoo peke yake au herufi zinawekwa nyuma. Ubaguzi wa kitabaka mtupu, ila wewe kama mtafiti unakusaidia, maana Smith mwenye Mr. na Smith mkavu kwenye timu moja ni watu wawili.

Mitego ya timu

Hii imewaangusha wengi. Cambridgeshire ya leo ni kaunti ndogo, lakini katikati ya karne ya 19, mpaka 1871, kulikuwa na Cambridgeshire nyingine iliyohesabiwa daraja la kwanza, hao usiwamwage kwenye kapu moja. Wala usichanganye na Chuo Kikuu cha Cambridge, hao ni wengine tena. Jack Hobbs, mzaliwa wa Cambridge, aliichezea Cambridgeshire ya kaunti ndogo 1904 akisubiri kukidhi masharti ya kuhamia Surrey, kwa hiyo yeye anaingia orodha ya ligi.

Durham nao walikuwa kaunti ndogo na walikuwa moto kweli, mechi 65 za ligi bila kupoteza kati ya 1976 na 1982, na 1973 ndio wakawa kaunti ndogo ya kwanza kuipiga kaunti kubwa kwenye kombe, tena walimpiga Yorkshire. 1992 wakapandishwa daraja na Herefordshire wakachukua nafasi yao. Kwa hiyo Durham kata mstari kwenye 1992. Worcestershire kata 1899, Northamptonshire 1905, Glamorgan 1921, hao wote walitokea chini.

Kwenye ligi hiyohiyo ya kaunti ndogo kulikuwa na timu B za kaunti kubwa kwa miaka mingi. Ukiona mtu "alicheza Minor Counties Championship" usikimbilie kumpa kaunti, inawezekana alikuwa timu B ya Lancashire. Halafu kuna timu ya mseto iliyoitwa Minor Counties tu, iliyokusanya watu kutoka kaunti zote kucheza na timu za nje zilizo ziarani au kwenye kombe jingine la siku moja, Benson & Hedges Cup. Barnes huyohuyo mwaka 1929, akiwa na miaka 56, aliwachukulia Waafrika Kusini wiketi 8 kwa mikimbio 41, ila siku hiyo alivaa jezi ya mseto na siyo ya Staffordshire. Na kuanzia 1999 kwenye NatWest zikaingizwa timu zenye neno Board mwishoni, Yorkshire Cricket Board, Lancashire Cricket Board, hizo ni timu za ridhaa za bodi za kaunti, wala siyo Yorkshire wala Lancashire unayoijua.

Tarehe nazo zina ujanja wake. Kombe la 2002 raundi za kwanza zilichezwa Agosti na Septemba 2001, la 2003 vilevile mwaka kabla. Mchezaji mmoja anaweza kuonekana alicheza 2002 kumbe hiyo ni jina la kombe tu. Mimi natumia tarehe ya kwenye skokadi, jina la kombe naweka safu yake pembeni.

Wageni

Usiwaruke, wao ndio wanaofanya orodha inoge. Kaunti ndogo zilikuwa zinaajiri mtu wa kulipwa, mara nyingi gwiji aliyemaliza muda wake timu ya taifa. Sonny Ramadhin wa West Indies alikuwa Lincolnshire, Wasim Raja wa Pakistan na Lance Cairns wa New Zealand walipita Durham, na Shropshire walipoiduwaza Yorkshire 1984 walikuwa na Mushtaq Mohammad, nahodha wa zamani wa Pakistan. Hata Waingereza wenyewe walikuwa wanashuka hivyo, Derek Randall alitoka Nottinghamshire akaenda Suffolk, Peter Roebuck alitoka Somerset akaongoza Devon na wakachukua ubingwa mara nne mfululizo 1994 mpaka 1997.

Najua kuna mtu ataanza kuwinda waliozaliwa Nairobi. Winda tu, ila wale maarufu wawili wa kwanza utakaowapata ni wa kaunti kubwa, Basharat Hassan wa Nottinghamshire na Derek Pringle wa Essex. Weka safu ya mahali pa kuzaliwa, na usiigeuze kuwa safu ya uraia.

Kupanga faili

Panga kwa tarehe ya mechi ya kwanza, siyo alfabeti, maana hivyo unaona timu inavyobadilika. Waliocheza kwa mara ya kwanza siku moja, fuata mpangilio wa wapigaji kwenye skokadi. Safu za mechi, mikimbio, wiketi na kudaka zinatosha, ukiongeza nyingi utachoka katikati. Weka alama kwa aliyewahi kucheza Test na kwa aliyekuwa nahodha. Mlinda wiketi naye mpe alama yake, la sivyo safu yake ya kudaka itashangaza watu. Walio hai bado usiwachimbe zaidi ya kriketi yao, wengi ni walimu na mafundi waliocheza mechi moja mwaka 1987 wakarudi kazini Jumatatu. Juu kabisa ya faili andika hadhi ya mechi ulizohesabu na tarehe uliyoishia, ili mtu akikuletea namba tofauti muanze kuulizana hapo.