Programu za Amiga: soma .readme kabla ya kupakua

Ukiwa na Amiga, kompyuta ya nyumbani ya zamani, iwe ya kweli au ya kuigizwa ndani ya kompyuta ya kisasa, hazina yako ya kwanza ni Aminet, ghala la mtandaoni la programu za Amiga, iliyoanza mwaka 1992 na ingali hai. Kila faili la .lha pale, yaani programu iliyobanwa, lina mwenzake mdogo wa .readme, wenye maelezo yake. Fungua huyo kwanza. Mstari wa "Architecture" ndio unaookoa muda: m68k-amigaos ni kwa Amiga za zamani, ppc-morphos ni kwa MorphOS, mfumo mwingine unaofanana na wa Amiga, na hizo mbili si kitu kimoja. Kisha tazama "Requires", maana programu nyingi hudai toleo fulani la mfumo au maktaba ya ziada.

Jambo jingine ambalo wengi hulikosa: usifungue .lha kwenye Windows ukahamisha yaliyomo. Alama za ruhusa za Amiga hupotea njiani, na skripti iliyokuwa ikiendeshwa kwa kuitwa jina tu hugoma. Hamisha faili likiwa bado limebanwa, kisha kwenye Amiga yenyewe andika:

lha x jina.lha RAM:

RAM: ni diski ya muda ndani ya kumbukumbu ya mashine; ijaribu programu humo kwanza. Ukizima mashine, yote yaliyo humo yanafutika.

Na tafadhali, soma masharti ya matumizi. Programu iliyo mali ya umma haina mwenye haki. Ya bure bado ina mwenyewe, hata kama halipwi. Ya kujaribu kwanza inadai malipo ukiamua kuendelea nayo. Mwandishi akipatikana, mlipe. Alifanya kazi.