Kuandaa nyumba ya shambani kabla ya dhoruba ya theluji: ushauri kwa wakulima na wafugaji wa Maine

Familia inayofuga mbuzi na kulima mboga katika vijiji vya Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, huishi na theluji karibu nusu ya mwaka, na wengi wa wasomaji wetu waliofika huku kutoka Kongo na Burundi, au kupitia kambi za Dadaab na Kakuma, wamekwisha kuizoea. Mazoea hayo yana faida, lakini yasitufanye tuione dhoruba kuwa ni theluji ya kila siku iliyozidi kidogo. Theluji ya kawaida hufunga barabara kwa saa chache, kisha gari la kuisukuma hupita na maisha huendelea. Dhoruba huangusha miti juu ya nyaya na kukata umeme, na katika nyumba iliyo mbali na mji kukatika kwa umeme ndiko kunakozaa matatizo mengine yote: pampu ya kisima husimama, mtambo wa kupasha nyumba joto huzimika hata kama unatumia mafuta au gesi, kwa kuwa feni na kiwashio chake vinategemea umeme, na simu huisha chaji wakati inapohitajika zaidi.

Kwa sababu hiyo nawashauri wakulima wasiulize ni theluji ya kina gani itakayoanguka, bali waulize kama nyumba yao inaweza kukaa siku tatu, na ikiwezekana siku saba, bila umeme na bila gari kupita. Kipimo hicho hakikutiwa chumvi. Mwezi Januari 1998 mvua iliyoganda kila ilipogusa kitu ilinyesha kwa siku kadhaa juu ya Maine, majimbo jirani na mikoa ya Quebec na Ontario nchini Kanada. Zaidi ya nusu ya wakazi wa Maine walikosa umeme, na baadhi ya nyumba za vijijini zilikaa gizani kwa wiki mbili na zaidi. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa waliazimana jenereta ili waweze kukamua, na maziwa mengi yalimwagwa kwa kukosa umeme wa kuyapoza.

Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani hutoa taarifa kwa ngazi. Ya kwanza ni taarifa ya kukaa macho, ambayo kwa kawaida hutoka siku moja au mbili kabla na kueleza kwamba dhoruba inawezekana. Ya pili ni onyo, maana yake dhoruba imekaribia au imekwisha kuanza. Maandalizi yote yanayoelezwa hapa yafanywe katika ngazi ya kwanza, kwa maana onyo linapotoka maduka huwa yamejaa watu na barabara zimeanza kuteleza. Vipimo vya joto katika taarifa hizo hutolewa kwa Farenhaiti, na ni vema kukumbuka kwamba 32 ndipo maji yanapoganda, 20 ni takriban nyuzi 7 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na 0 ni takriban nyuzi 18 chini ya sifuri.

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo yanayosahauliwa. Umeme ukikatika, kilichobaki ni maji machache yaliyomo katika tangi dogo la pampu. Kila mtu anahitaji si chini ya lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia, nao mifugo wanahitaji zaidi. Jazeni ndoo na madumu mapema, mkajaze na beseni la kuogea kwa ajili ya kumwaga chooni, na kama kuna mtoto mdogo mlango wa bafu ufungwe wakati wote, kwani mtoto huzama hata katika maji mafupi. Mabomba yanayopita kwenye kuta za nje na chini ya sakafu yafungwe kwa sponji maalumu au matambara mazito. Usiku baridi inapokuwa kali, fungueni milango ya makabati yaliyo chini ya sinki ili joto la chumba lifike kwenye mabomba, na mwache koki idondoshe maji kidogo kidogo. Kila mtu mzima nyumbani ajue vali kuu ya maji ilipo, kwa sababu bomba likipasuka dakika chache zinatosha kuharibu sakafu nzima. Bomba lililoganda huyeyushwa kwa taulo lililoloweshwa maji ya moto, wala haliguswi kamwe na moto wa wazi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu linazidi yote kwa uzito, nalo ni joto la ndani. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki na Kongo tunalijua jiko la mkaa tangu utotoni, na baridi inapoingia mkono wenyewe hulitafuta. Hata kule kwetu, katika nyanda za juu, watu hufariki usingizini kwa kulala na jiko chumbani, ingawa nyumba nyingi zina mianya darini na madirisha yasiyoziba sawasawa. Nyumba za huku zimejengwa kwa kuziba: kuta zina sufi ya kuzuia baridi, madirisha yana vioo viwili, na milango ina mpira pembeni. Makaa yakiwaka ndani ya nyumba kama hiyo hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Anayeivuta huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, halafu hulala asiamke. Mkaa haupaswi kuwashwa ndani kwa hali yoyote, hata jikoni, hata dirisha likiwa wazi, hata katika karakana ya gari iliyoshikana na nyumba. Vivyo hivyo jiko la gesi la kupikia lisitumiwe kupasha nyumba joto.

Mwezi Februari 2021 baridi kali ilipoifikia Texas na umeme ukakatika kwa mamilioni ya nyumba, idara ya afya ya jimbo hilo ilihesabu vifo 246, na miongoni mwao walikuwamo waliouawa na gesi hiyo kwa sababu ya jenereta, majiko ya kuchomea nyama na magari yaliyoachwa yakinguruma ndani ya karakana. Jenereta ikae nje, umbali wa angalau mita 6 kutoka milango na madirisha, huku bomba lake la moshi likielekezwa mbali na nyumba. Isiunganishwe kwa kuchomekwa kwenye soketi ya ukutani, kwa kuwa umeme wake hurudi kwenye nyaya za barabarani na unaweza kumuua fundi anayezitengeneza; fundi umeme mwenye leseni aweke swichi maalumu ya kubadilishia. King'ora cha kaboni monoksidi kinachotumia betri kiwepo katika kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala. Kikilia, kila mtu atoke nje kwanza, na simu ya 911 ipigwe mkiwa nje.

Chombo salama cha joto bila umeme, katika nyumba nyingi za vijijini, ni jiko la kuni lenye dohani iliyojengwa vizuri. Kuni ziwe zimekauka kwa miezi sita hadi mwaka mzima, kwani kuni mbichi hutoa moshi mwingi na kugandisha utomvu mweusi ndani ya dohani, na utomvu huo ukishika moto nyumba iko hatarini. Dohani isafishwe kila mwaka kabla ya baridi kuanza. Ingizeni ndani kuni za siku tatu kabla ya dhoruba, kwa kuwa rundo lililofunikwa na barafu halichimbuki kwa urahisi. Majivu yawekwe kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko na kupelekwa nje mbali na ukuta, maana kaa lililozikwa ndani ya majivu huweza kubaki hai kwa siku kadhaa. Wenye matangi ya mafuta au gesi wasisubiri yafike chini. Chagueni chumba kimoja, kiwe kidogo na chenye jua, familia ilale humo pamoja, na milango ya vyumba vingine ifungwe kwa mablanketi.

Chakula hakina shida kubwa katika msimu huu, ila friji isifunguliwe ovyo: ikifungwa hutunza ubaridi kwa takriban saa 4, na friza iliyojaa kwa takriban saa 48. Dawa za wagonjwa, hasa insulini, zichukuliwe mapema dukani, na mwenye mashine ya oksijeni aeleze kampuni ya umeme na majirani hali yake kabla ya dhoruba. Anayepiga 911, au 211 kwa msaada usio wa dharura, akishindwa na Kiingereza aseme "Swahili" na asikate simu, kwani mara nyingi mkalimani hutafutwa kwa njia ya simu.

Kwa upande wa mifugo, kosa ninalolisikitikia zaidi hutokana na huruma: mfugaji huziba banda kabisa ili wanyama wasipate baridi. Mbuzi au ng'ombe mwenye manyoya makavu ya msimu wa baridi hustahimili baridi ambayo mtu hawezi kuistahimili. Kinachomwangusha ni unyevu na upepo. Ng'ombe aliyelowa huanza kutumia nguvu za ziada kujipasha joto hata hali ya hewa ikiwa nyuzi 15 za Selsiasi, ilhali mwenye manyoya mazito na makavu huvumilia hadi chini ya sifuri. Banda lililozibwa hukusanya mvuke wa pumzi na amonia ya mikojo, na matokeo yake ni nimonia. Kwa hiyo zuieni upepo usiwapige wanyama wakiwa wamelala, lakini acheni nafasi wazi juu, karibu na paa, ili hewa chafu itoke. Matandiko ya majani makavu yawe mengi kiasi cha mbuzi kuzama miguu akilala, nayo yaongezwe juu ya ya zamani bila kuyaondoa yote, kwa sababu tabaka la chini huoza polepole na kutoa joto.

Mnyama acheuaye hupata joto kutokana na kumeng'enya majani. Nyasi kavu zilizo nzuri ndizo kuni zake, na katika siku za dhoruba apewe nyingi kuliko kawaida, hasa jioni. Nafaka haiwezi kuchukua nafasi hiyo, na ikiongezwa ghafla huleta ugonjwa wa tumbo. Mnyama asiyekunywa hupunguza kula, na asiyekula hushindwa kujipasha joto. Theluji si badala ya maji. Wapelekeeni maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu kwa siku. Mbuzi aliyekaribia kuzaa atengewe mahali pakavu, na mtoto akizaliwa akaushwe kwa taulo mara moja, masikio na kwato zikiwa za kwanza, kisha anyonye maziwa ya mwanzo ndani ya saa mbili. Taa za kupasha joto zimeteketeza mabanda mengi. Kama hapana budi, zifungwe kwa mnyororo, zisitegemee kamba wala klipu pekee. Kuku nao wanahitaji ukavu na hewa kuliko joto, kwani upanga wa jogoo huganda haraka zaidi katika banda lenye unyevu.

Mkulima mwenye banda la plastiki la kuoteshea mboga akumbuke kwamba theluji ambayo ikiyeyuka hutoa maji ya kina cha sentimita moja ina uzito wa kilo 10 kwa kila mita ya mraba. Theluji iliyolowa ya usiku mmoja yaweza kukunja mabomba ya banda zima. Simamisheni nguzo za mbao katikati chini ya matao, na mwondoe theluji kwa ufagio laini wakati ingali inaanguka, mkianza na pande zote mbili kwa usawa ili uzito usiegemee upande mmoja.

Kabla upepo haujaanza, fungeni kamba imara kutoka mlango wa nyumba hadi banda la mifugo. Wakulima wa nyanda za Dakota na Nebraska walijifunza umuhimu wake kwa uchungu, kwani katika dhoruba ya tarehe 12 Januari 1888 watu walipotea wakiwa karibu na nyumba zao kwa kutoona mbele. Atakayetoka aage, aseme atarudi saa ngapi, na avae nguo tabaka kwa tabaka. Akirudi akitetemeka sana, akichanganya maneno au akijikwaa, avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe na kupashwa joto kuanzia kifuani, na msaada uitwe. Kidole kilichoganda hakisuguliwi kwa mikono wala kwa theluji.

Dhoruba ikipita, kwanza ondoeni theluji iliyoziba mabomba ya kutolea moshi ya mtambo wa joto na ya mashine ya kukaushia nguo, kabla umeme haujarudi. Waya ulioanguka usikaribiwe, hata kama unaonekana umekufa, na watoto wazuiwe kwenda upande huo hadi kampuni ya umeme iufikie. Wazee na wenye maradhi ya moyo wasichote theluji nzito kwa beleshi; kijana wa jirani aombwe, naye atakuja. Kisha ingieni bandani mhesabu wanyama, mkague masikio na chuchu zao kwa dalili za kuganda, na pampu ya kisima ikirudi mwache maji yatiririke hadi yawe safi kabla ya kunywa.