Somo: Kuchagua mtaala wa Kikristo wa kumfundishia mtoto kusoma nyumbani

Mwaka wa kwanza nilipoanza kumsomesha mwanangu nyumbani, niliagiza boksi zima la vitabu vya Kikristo vya kujifunzia kusoma. Likaja na boti kutoka Dar es Salaam. Vitabu vizuri mno, karatasi za kung'ara, kila ukigeuza ukurasa safina, ukigeuza tena kondoo. Baada ya miezi minne mtoto anavisoma vyote, tena kwa kujidai, na mimi nimeshampigia simu mama yangu kumtangazia. Siku moja nikaweka kiganja juu ya picha. Kimya. Nikachukua chaki, nikamwandikia kibarazani neno "bati". Hakulijua. Kumbe alikuwa amezikariri kurasa, hakusoma hata neno moja.

Sikuwalaumu waliovitunga. Mimi ndiye niliyeangalia jalada lina msalaba au halina, nikaacha kuangalia kama vitabu vinafundisha kusoma. Nawaandikia wanachama wa kikundi chetu hatua ninazozifuata sasa, na nimeshawachagulia hivyo hivyo wazee wenzangu watatu hapa Fuoni, Unguja.

Hatua ya kwanza: amua ataanza kusoma kwa lugha gani

Rai yangu: mtoto anayekulia Unguja au Pemba aanze kwa Kiswahili, hata kama nia yako ni aje asome Kiingereza. Maandishi ya Kiswahili hayana hila. Irabu ni tano na kila moja ina sauti yake moja. Q na x hatuna, na c haitembei bila h. Mtoto akishazishika silabi, husoma hata neno asilolijua maana yake. Kiingereza kina herufi 26 lakini sauti zake ni kama 44, na herufi ile ile leo inasema hivi, kesho vile.

Tena watoto wetu wana bahati ya ziada. Kamati iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilichukua Kiunguja kuwa msingi wake. Kwa hiyo neno analolisikia mtoto sokoni Mwanakwerekwe ndilo atakalolikuta kitabuni, karibu herufi kwa herufi.

Hatua ya pili: ziba picha

Kabla hujalipa, omba kurasa chache za kitabu cha kwanza na cha tatu. Ziba picha, kisha jiulize: mtoto aliyefundishwa masomo yaliyotangulia tu, anaweza kuisoma sentensi hii? Ikiwa somo la pili limefundisha m, b na irabu, na hadithi ya somo la tatu inasema "Mwenyezi", mtaala huo unamtaka mtoto abahatishe. Mtaala mzuri hauweki hadithini herufi ambayo haijafundishwa. Wengi hufeli hapa, na wa Kikristo hufeli zaidi kwa sababu mtunzi ana haraka ya kufika kwenye Biblia.

Hatua ya tatu: hesabu silabi za aya za Biblia

Hapa ndipo nilipojifunza mengi, kwa hiyo nivumilieni.

Silabi nyepesi ni irabu peke yake, au konsonanti moja na irabu moja: a, ba, ki, lo. Silabi nzito ni zile zenye herufi mwambatano: mbi, ngu, ndo, mwa, cho, pamoja na ile m inayosimama peke yake kama kwenye "mti". Mtoto anatakiwa azizoee nyepesi vizuri kwanza. Sasa chukua Biblia ya Union, ile ya 1952 inayosomwa makanisani kwetu, uhesabu.

"Bwana ndiye mchungaji wangu." Silabi kumi, sita kati yake nzito: bwa, ndi, m, chu, nga, ngu. "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Silabi kumi na sita, nane nzito. Hizi ndizo aya ambazo karibu kila kitabu cha watoto huanzia! Mtoto azikariri kwa masikio, azisome mwakani.

Halafu angalia Yohana 11:35. "Yesu akalia machozi." Silabi tisa, na nzito ni moja tu, cho. Mwanangu aliisoma mwenyewe, polepole, kidole kikitembea, kisha akaniuliza alikuwa analilia nini. Hilo swali sikulipata hata mara moja kwenye ule mwaka wa kukariri. Baba Yetu nayo si mbaya: kuanzia "Baba yetu" mpaka "litukuzwe" ni silabi kumi na nane, na nzito ni tatu, mbi, ngu na zwe. Inafaa aya ya pili.

Kuna na majina. Nuhu, Musa, Sara, Yona, Daudi, Hawa, Yusufu: yote silabi nyepesi tupu. Na nusu yake ni majina ya watoto wanaocheza nje hapa mtaani, kwa hiyo mtoto hayaoni kuwa ni majina ya watu wa mbali. Nuhu ana safina. Yona yumo baharini. Musa yumo kikapuni. Sentensi hizi tatu zina mtiririko wa Biblia na hazina hata silabi moja ya kumtega. Mimi kitabu chetu cha kwanza nilikitunga hivyo, kurasa ishirini, kwa daftari la mistari mikubwa. Vizibo vya soda nikavibandika silabi, tukavitandaza mkekani na kuunda maneno.

Hatua ya nne: soma vitabu vyote wewe mwenyewe kwanza

Mafundisho yatofautiana. Mwanglikana, Mkatoliki, Msabato na mlokole kila mmoja atakuta jambo la kurekebisha, na kurekebisha si kosa. Mimi ninachokitazama kwa ukali ni namna kitabu kinavyowataja watu wa dini nyingine. Vingine vimetungwa mahali ambapo Mwislamu ni mtu wa kusikika kwenye habari tu. Kwetu ni jirani aliyemlea mtoto wako siku ulipolazwa, anayekuletea futari, na wewe unampelekea keki ya Krismasi. Ukurasa unaomdharau nauchana.

Hatua ya tano: Kiingereza, baada ya miezi

Akishasoma Kiswahili bila kusita, leta mtaala wa Kiingereza. Abeka, ambayo ilianzia Pensacola, Florida, mwaka 1972, ni ya Kikristo waziwazi na huanza na irabu kisha ngazi za ba, be, bi, bo, bu. Ukiona hivyo utasema mbona ni yetu! Jihadhari. Ngazi ni ile ile lakini irabu ni za Kiingereza, na mtoto wako atazisoma za Kiswahili kwa ujasiri wote. Jolly Phonics ya Uingereza si ya kidini, inafundisha sauti 42 kuanzia s, a, t, i, p, n, na kila sauti ina kitendo chake cha mikono. Hakuna ubaya kuchukua sauti kwenye mtaala usio wa kidini, na Neno la Mungu ukalifundisha kutoka kwenye Biblia yenyewe. Ndivyo ninavyofanya.

Tega sikio kwenye "cat", "cut" na "cart". Sikio la Kiswahili husikia a tatu zinazofanana. Hapo kaeni wiki nzima. Kwenye th mtapumzika, maana mtoto wa hapa ameshaijua: th ya thelathini ndiyo ya "three", na dh ya dhahabu ndiyo ya "this".

Mambo madogo: video zinataka bando na umeme, kwa hiyo pendelea vitabu. Vitabu vitunze juu, mbali na ukuta, masika hula karatasi. Na kabla hujatoa kopi, soma ruhusa inasemaje, mara nyingi ni kwa familia moja tu.

Maswali ya wanachama

Mama wa watoto wawili, Wete: Bwana asifiwe dada. Wangu ana miaka minne, anaimba alfabeti yote ya Kiingereza kwa wimbo. Nimeshaharibu?

Jibu: Asifiwe sana, mama. Hujaharibu, aimbe tu. Ila wimbo unamfundisha majina ya herufi, na jina la herufi halisomi neno. Akisema "bii-ei-bii-ei" hatafika kwenye "baba". Wakati wa somo mtajie sauti, na dakika kumi na tano zinatosha kwa umri wake.

Baba, Kiembesamaki: Mke wangu anataka tumtoe skuli kabisa tumsomeshe nyumbani. Unasemaje?

Jibu: Kaka, hapo msiamue kwa kusoma somo langu. Nendeni kwanza ofisi ya elimu ya wilaya mkaulize taratibu, na mpate vitabu vinavyotumika skuli ili asiachwe nyuma akirudi. Familia nyingi ninazozijua hufanya haya asubuhi kabla mtoto hajafikia umri wa skuli, au jioni akirudi.

Mwalimu wa skuli ya Jumapili, Chake Chake: Shikamoo. Kwa nini Union na si Biblia ya Habari Njema? Kiswahili chake si chepesi zaidi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Ni chepesi zaidi, kweli, na kwa mtoto anayesoma peke yake akiwa na miaka minane ningempa hiyo. Kwa anayeanza, nachagua ile anayoisikia kanisani, kwa sababu masikio yanamsaidia macho pale anapokwama. Kama kanisani kwenu mnasoma Habari Njema, tumieni hiyo, na mhesabu silabi upya.

Mwanachama, Tomondo: Samahani dada, juzi ulisema watoto wa chuoni, wanaosoma Kurani, wanasoma vizuri kuliko wetu. Sasa tuige chuo?

Jibu: Nilisema na narudia. Nyuma ya ukuta wetu pana chuo, na kila alasiri nasikia herufi ikitajwa, irabu yake ikitajwa, kisha sauti, mara kumi, mara ishirini. Hata neno "irabu" tumelipata kwa Kiarabu. Utaratibu wa kufundishia si imani, shoga. Mwalimu yule ndiye aliyenishauri nisimrukishe mwanangu somo jipya mpaka la jana aliseme bila kusita, na nilipomfuata, mambo yalinyooka.

Bibi anayelea wajukuu, Machui: Mjukuu wangu kila penye m anasema "mu". Mutoto, muti, mukate.

Jibu: Shikamoo bibi. Mwambie afumbe midomo avume "mmm" na apige kofi moja, kisha "ti". Makofi mawili, m-ti. Asifungue midomo mpaka afike kwenye t. Ataacha baada ya siku chache.

Mama, Mkoani: Na b na d? Tumelia wote wawili.

Jibu: Pole mwaya. Mimi nilimwambia hivi: ukitoka kushoto kwenda kulia, b mgongo wake umenyooka na tumbo liko mbele, d anakuja na makalio nyuma. Mwanangu alicheka wiki nzima na hajazichanganya tena. Padri ndiye hakucheka, siku aliposikia "tumbo, makalio" kutoka benchi la mbele katikati ya somo la kwanza.