Ujue picha yako inakugharimu kiasi gani kabla hujatafuta mteja

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza kuchora huuliza wateja wanapatikana wapi. Mimi huwauliza kwanza ile picha waliyoibeba imewatoka shilingi ngapi. Wengi hukaa kimya. Kijana anayejua kumchora chui mpaka madoa yakaonekana yanatembea, lakini hajui kopo la rangi amelinunua kwa bei gani, mteja akifika atasema "nipe chochote tu bosi", na atapewa hicho chochote. Inaniuma sana kuona mkono mzuri ukiuzwa hivyo.

Nachora picha za mtindo wa Tingatinga hapa Dar es Salaam, kwa hiyo nasema ya kazi hii. Edward Saidi Tingatinga, aliyeuanzisha mtindo huu, alipoanza mwaka 1968, hakusubiri ukumbi wa maonyesho. Alichora kwenye vibao kwa rangi za kung'aa, zile za baiskeli, na mkewe akazipeleka picha Morogoro Stores kule Oysterbay, wageni walikokuwa wakipita kununua mahitaji yao. Alifariki 1972, ila wanafunzi wake waliendelea kuchora, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Angalia alivyojipanga: vifaa anavyovimudu, mahali penye watu wenye fedha, na mtu wa kuuza wakati yeye yuko kwenye brashi. Kama huna mtu wa kukuuzia, tenga siku zako za kuuza na siku za kuchora. Ukizichanganya, kazi zote mbili zitalala.

Sasa nunua daftari. Tuseme unachora picha ya sentimita 60 kwa 60. Kitambaa, rangi, thina na mbao za fremu ni 22,000. Nauli ya kufuata vifaa, 4,000. Rangi ya mafuta haina haraka: unapaka mandhari ya nyuma, unaiacha ikauke, ndipo uweke mnyama, rangi ikauke tena, halafu madoa na majani madogo. Wakati wa masika ukilazimisha, rangi ya juu inaivuta ya chini na picha inachafuka. Basi weka siku 3 za kazi, na ujilipe 25,000 kwa siku, yaani 75,000. Hapo uko 101,000. Ongeza 24,000 za pango, brashi zinazoisha na picha zitakazokaa bila mnunuzi. Jumla 125,000. Chini ya hapo unakula mtaji. Bei za kwenu zitakuwa nyingine, lakini hesabu ni hiyo hiyo.

Duka likikubali kukuuzia kwa kuchukua asilimia 40, picha hiyo lazima iandikwe 210,000: duka linabaki na 84,000, wewe unapata 126,000. Na wewe mwenyewe ukimuuzia mtu moja kwa moja, bei iwe hiyo hiyo 210,000. Wachoraji wengi huuza 130,000 kichochoroni huku picha kama hiyo ikiwa dukani kwa bei ya juu. Mwenye duka akijua, na atajua, anakurudishia mzigo wako wote. Ukiacha picha kwa mali kauli, yaani ulipwe zikishauzwa, piga picha kila moja, andika bei, tarehe na siku ya kuja kuhesabu, kisha nyote wawili mtie sahihi.

Picha ndogo zinazoingia kwenye begi la mgeni ndizo zinazolipa umeme na chakula. Oda za kuta za shule za chekechea na vyumba vya hoteli ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Chora vyote, ila uwe na kitu kimoja ambacho jirani yako hana. Twiga chini ya Mlima Kilimanjaro anachorwa na kila mtu, na kila wiki yuko atakayemuuza kwa bei ya chini kuliko yako. Mimi nilijikita kwenye soko la samaki, na watu huja wakiulizia samaki wangu.

Jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama msanii, chukua TIN, ile namba ya mlipakodi, na kazi unazozithamini ziandikishe COSOTA, wanaosimamia hakimiliki. Mwenye mgahawa mmoja aliwahi kununua picha yangu, kisha akaichapa kwenye fulana za kuuza. Aliyenunua picha amenunua picha. Haki ya kuichapa ni yako mpaka uiuze kwa maandishi na kwa malipo yake.

Oda ikija kwa simu, usiishie kwenye maneno ya mdomo hata kama ni rafiki wa shemeji yako. Mimi hutuma ujumbe kama huu WhatsApp:

"Habari dada. Picha ya soko la samaki, sentimita 60 kwa 60, bei 210,000. Kianzio 105,000 kabla sijaanza. Mchoro wa penseli nitakutumia Jumatano, mabadiliko tuyafanye hapo. Picha itakuwa tayari Ijumaa ya wiki ijayo. Salio kabla ya kukabidhiana. Bei haihusishi kuichapa kwenye bidhaa. Ukikubali naomba unijibu."

Akijibu "sawa", usiifute meseji hiyo. Kianzio kikiingia, nenda ukanunue rangi kwa pesa hiyo, siyo kwa pesa ya chakula cha nyumbani.