Jinsi ya kutoa epoksi kwenye ngozi bila tina

Weka chini hiyo chupa ya tina, ile ya kuyeyushia rangi. Hata asetoni, hata spiriti. Najua ndizo zilizo karibu, na najua zinafanya kazi upesi: ukipaka tu, mkono unaonekana umetakata. Lakini jiulize ile epoksi, gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu kama plastiki, imekwenda wapi. Tina imeiyeyusha, ikaisambaza eneo kubwa kuliko ilipokuwa, na papo hapo ikakausha mafuta ya asili yanayoilinda ngozi. Umejivua kinga halafu ukaipa kemikali njia ya kupenya.

Mimi hutengeneza meza za mbao zilizojazwa epoksi ya rangi kwenye nyufa. Kijana akija kujifunza kwangu, namfundisha kunawa kabla sijamruhusu kushika kikombe cha kuchanganyia. Wengine hukereka, wanataka kumimina siku hiyohiyo. Sibadiliki, na sababu nitaieleza mbele kidogo.

Epoksi ikiwa bado mbichi, usikimbilie bomba. Maji hayaiyeyushi, na ukisugua mkono uliolowa unaieneza tu. Anza kwa kufuta kukiwa kukavu. Chukua karatasi laini au kitambaa safi, futa kuelekea upande mmoja, kunja upate sehemu safi, futa tena. Usisugue huku na huku. Pete na saa vua mapema, maana epoksi hupenda kujificha chini yake na kukaa hapo siku nzima ikiwa imeigusa ngozi. Nguo ikilowa, ivue pia. Fulana iliyolowa epoksi ni sawa na kujifunga bandeji ya kemikali.

Baada ya kufuta, paka mafuta. Iliyo bora ni ile krimu ya kunawia ya makanika, ya kuondoa grisi, inayopakwa mkono ukiwa mkavu. Usipokuwa nayo, mafuta ya kupikia yanatosha, ya aina yoyote. Paka mengi, kanda taratibu kwa vidole dakika moja au mbili mpaka uhisi ule mnato unaachia, kisha futa tena kwa karatasi. Rudia kama bado kunanata. Hapo sasa ndipo sabuni inapoingia: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maji ya vuguvugu, osha mpaka mafuta yote yatoke, pamoja na chini ya kucha na katikati ya vidole. Maji yasiwe ya moto. Brashi ngumu, jiwe la kusugulia miguu na msasa visikaribie ngozi yenye epoksi mbichi, kwa sababu kila mkwaruzo ni mlango. Malizia kwa kukausha na kupaka losheni au mafuta ya mgando.

Mafundi wengi watakuambia utumie siki. Siki inalegeza kweli epoksi ambayo haijakauka, na mimi huitumia kusafishia vijiti na spachula. Kwenye ngozi naiacha. Inawasha, na penye mchubuko inauma, wakati mafuta yanafanya kazi ileile kwa upole.

Kuna jambo watu hulichanganya: rezini na hadena, vile vimiminika viwili vinavyochanganywa kupata epoksi, si kitu kimoja, hata kama zinauzwa pamoja. Rezini peke yake inanata na huja na hatari ya mzio. Hadena nyingi zina kemikali za jamii ya amini, zenye harufu inayokaribia ya amonia, na zinaweza kuunguza ngozi. Ukimwagikiwa na hadena ambayo haijachanganywa, sahau habari ya mafuta. Nenda moja kwa moja kwenye maji yanayotiririka na uoshe kwa wingi, dakika 15 au zaidi, huku ukivua nguo iliyolowa. Usijaribu kuituliza kwa siki. Ngozi ikibaki nyekundu sana, ikifanya malengelenge au ikiendelea kuuma, nenda ukaonwe na daktari. Na kitu chochote kati ya hivi kikiingia jichoni, suuza kwa maji safi dakika 15 hadi 20 ukiwa umefungua kope, ondoa lenzi kama umevaa, kisha uende hospitali hata kama unahisi nafuu.

Tahadhari nyingine ni joto. Epoksi inapoganda hutoa joto, na kikombe kilichojaa mchanganyiko mwingi kinaweza kuchemka hadi kutoa moshi. Ikikudondokea ikiwa moto, hilo ni jeraha la moto kwanza. Poza kwa maji baridi ya bomba kwa dakika 20 na usibandue kilichoganda juu ya jeraha. Hiyo ni kazi ya daktari.

Tuseme umechelewa, imeshakauka mkononi. Hapo hamna haja ya haraka wala hasira. Epoksi iliyokauka haiyeyuki kwa tina wala asetoni, kwa hiyo ukizitumia unaitesa ngozi bure. Loweka mkono kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kama dakika 10, kausha, paka mafuta mengi, subiri kidogo, kisha jaribu kuinua ukingo kwa ukucha. Panapoinuka, bandua taratibu. Panapogoma, acha. Ngozi ya juu hujivua yenyewe kila siku, na kipande kilichogoma leo mara nyingi kitadondoka baada ya siku chache za kunawa na kupaka mafuta. Wembe na kisu havina nafasi hapa. Iliyoshika vinyweleo, tia mafuta, na isipoachia kata vinyweleo kwa mkasi mdogo badala ya kuvuta. Ya juu ya kucha unaweza kuipunguza kwa tupa ya kucha.

Sasa ile sababu. Usumbufu wa mnato ni kitu kidogo kuliko mzio. Kemikali za epoksi mbichi zinapopenya ngozi mara kwa mara, kinga ya mwili inaweza kuzikariri kuwa adui. Likishatokea hilo, kiasi kidogo sana kinatosha kuleta muwasho, wekundu, uvimbe na malengelenge, na kwa kawaida hali hiyo haiondoki tena maishani. Haimchagui mzembe peke yake. Mwingine hupata mapema, mwingine baada ya miaka ya kazi. Rafiki yangu, fundi hodari wa boti, alikuwa akijivunia kwamba ngozi yake ni ngumu na haihitaji glavu. Siku hizi akiingia tu chumba ambamo epoksi inakauka, kope zake zinavimba. Ufundi wake wote bado anao kichwani, ila hawezi kuutumia. Inaniuma kila ninapomwona.

Kwa hiyo vaa glavu za naitrili. Za lateksi ni kinga hafifu kwa epoksi. Zikichafuka sana, badilisha; zivue kwa kuzigeuza ndani nje ili upande mchafu ubaki ndani, na usizirudie kesho. Vaa mikono mirefu. Usishike simu, kitasa wala uso ukiwa na glavu zenye epoksi, maana wengi hujipaka kwa njia hiyo wakiwa na uhakika kwamba mikono yao ilikuwa salama. Kumbuka pia vumbi: meza iliyomiminwa jana inaweza kuwa ngumu ukigonga, lakini bado haijakomaa, na aina nyingi huhitaji siku kadhaa, hata 7. Ukiipiga msasa mapema, vumbi lake likitua shingoni na mikononi linaweza kuleta mzio uleule. Soma muda ulioandikwa kwenye kopo, uungoje.

Dalili za mzio huwa hazina haraka. Zinaweza kutokea saa kadhaa au hata siku 2 au 3 baada ya kugusa, ndiyo maana wengi hawaoni uhusiano. Ukiona muwasho kwenye vifundo vya mikono, shingo au kope baada ya kazi ya epoksi, simamisha kazi hiyo na umwone daktari wa ngozi. Nenda na kopo la rezini na la hadena, au picha za lebo zake, ili ajue akupime nini. Usirudi kumimina mpaka upate majibu.