Namna ya Kuandika Insha Kuhusu Mhusika Asiyeeleweka: Mfano wa Rosa

Mwanafunzi anayeandika kuhusu Rosa, mhusika mkuu wa riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), asianze kwa kumtetea, bali kwanza aeleze kwa haki hukumu ambayo wasomaji wengi humpa, kwamba ni msichana aliyepotoka kwa hiari yake. Kisha arudi kwenye sura za mwanzo, ambako Zakaria, baba mlevi, anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, na aonyeshe jinsi malezi hayo ya woga yanavyomnyima Rosa mazoea ya kujiamulia kabla hajaondoka nyumbani. Kila dai lithibitishwe kwa tukio mahususi. Muhtasari wa hadithi, ambao nadhani watahini wameuchoka, usizidi sentensi mbili. Makosa ya Rosa mwenyewe yajadiliwe waziwazi katika aya inayotangulia hitimisho.