NAD 3020 ya zamani: jinsi ya kuiwekea vifaa vya kisasa bila kuiharibia sauti

Wakuu, ampu (vikuza sauti) za zamani zimepanda bei siku hizi na inayoulizwa sana ni NAD 3020, ile ya kijivu yenye taa ndogo tano mbele zinazocheza na muziki. Ilitoka 1978, mbunifu wake Bjørn Erik Edvardsen wa Norwei, na kwenye karatasi inaandikwa wati 20 tu kila upande kwa spika za ohm 8. Ukiiwasha ukaweka besi utashangaa, maana jamaa aliipa uwezo wa kusukuma ampia nyingi kwenye spika ngumu kuliko hizo wati zinavyoonyesha. Sasa hapo ndipo wengi wanakosea, wanaifungua na kuanza kumwaga vifaa vya bei mbaya kila kona halafu sauti inatoka tofauti kabisa. Msimamo wangu ni huu: rudisha kwanza afya yake, ongeza kisasa pale panapozeeka kweli, kwingine kote acha kama alivyoacha mbunifu wake.

Kabla ya bisibisi angalia nyuma imeandikwa volti ngapi. Zilizouzwa Marekani ni za 120, za Ulaya ni 220 au 240. Ukichomeka ya 120 kwenye umeme wetu wa Tanzania wa 230 (Kenya 240) bahati yako ikiwa nzuri fyuzi itakata, ikiwa mbaya trafo inaungua na trafo ya hii kitu huipati dukani. Hiyo nunulia stepdauni (trafo ya kushusha volti), VA 300 inatosha kabisa. Na hata ya 220 ukiipeleka kwenye 240 volti za ndani nazo zinapanda kama asilimia 9, kumbuka hilo tukifika kwenye kapasita.

Tafuta sevisi manuali (kitabu cha mafundi chenye michoro na vipimo) ya toleo lako. Kuna 3020 yenyewe, kuna A, B, e, i, na bodi zao hazifanani, kwa hiyo listi ya vifaa ya mtu mwingine usiibebe kichwa kichwa.

Halafu usalama. Kapasita kubwa zinabaki na chaji hata ukichomoa plagi, kwa hiyo shika resista ya ohm 220 hivi ya wati 5 kwa koleo yenye plastiki, gusisha miguu ya kapasita sekunde kadhaa, pima kwa mita mpaka uone chini ya volti 1. Wale wa kugusisha bisibisi ikapiga cheche, acheni, mnaumiza kapasita na macho yenu. Pia tengeneza kile kifaa cha balbu: balbu ya zamani ya uzi, wati 60, inaungwa kwenye waya wa moto kabla ya ampu ili umeme upitie humo kwanza. LED na enejiseva hazifai. Ukiwasha, balbu iwake kwa nguvu kidogo halafu ififie, hapo uko salama. Ikibaki inawaka kali kuna shoti mahali, zima tafuta.

Kabla hujagusa kitu, pima volti za DC kwenye matundu ya spika bila spika, volyumu chini. Chini ya milivolti 50 kila upande ni sawa. Andika namba, maana baada ya kazi utazihitaji, usipoandika utabaki kubishana na kumbukumbu zako.

Sasa kitu cha bure kabisa ambacho mafundi wengi wanaruka. Nyuma ya 3020 kuna vipande viwili vya chuma vyenye umbo la U vinavyounganisha pri-ampu (sehemu ya volyumu na toni) na pawa-ampu (sehemu inayosukuma spika). Vikishika kutu upande mmoja unapotea, unarudi ukigonga kava, watu wanaanza kubadilisha transista bure. Vichomoe, visugue, puliza kontakti klina kwenye matundu yake, rudisha. Volyumu na swichi nazo hivyo hivyo: puliza kidogo, zungusha mara nyingi kwenda na kurudi, yale makwaruzo yataisha. Tumia dawa ya kontakti ya kweli kama DeoxIT, ile WD-40 ya kawaida ya kulainisha bawaba usiilete hapa.

Kapasita sasa, na hapa ndipo hela yako iende. Zile elektrolitiki zina maji maji ndani na baada ya miaka 40 yamekauka, ndio maana besi inalegea na mngurumo unaingia. Nunua za nyuzi joto 105, Nichicon, Panasonic, Rubycon, familia hizo. Za zamani nyingi zilikuwa za 85, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukishusha joto nyuzi 10 maisha ya kapasita yanakuwa karibu mara mbili, kwa hiyo ya 105 ikikaa kwenye ampu ya joto la kawaida utaisahau. Volti ya kapasita mpya iwe sawa na ya zamani au zaidi, na kama ampu yako ni ya 220 inayolishwa 240 basi panda ngazi moja bila kujiuliza. Uzuri za kisasa ni ndogo kimwili, nafasi itatosha, ila miguu inaweza isifikie matundu, pima nafasi kwa rula kabla hujaagiza.

Maikrofaradi za zile mbili kuu za pawa unaweza kuongeza kidogo, mara moja na nusu ya za mwanzo, basi. Kuna watu wanaweka mara tano wakidhani besi itavunja kuta, kinachotokea ni kwamba kila ukiwasha zinavuta ampia nyingi kwa mpigo, fyuzi inakatika na daraja la dayodi (linalogeuza AC kuwa DC) linateseka. Fyuzi ikianza kukata mtu anaweka kubwa zaidi, hapo tena ndio mwanzo wa moto.

Zile ndogo za kupitisha sauti za maikrofaradi 1 au 2.2 unaweza kuweka za filamu, Wima nyekundu zinaingia vizuri na hizo hazikauki milele. Ila kapasita na resista ndogo za sehemu ya foni, zile zinazorekebisha sauti ya santuri, usizibadilishe thamani hata kidogo, mlinganyo wa sauti umejengwa humo. Foni ya 3020 ilisifiwa tangu zamani, iache.

Namna ya kufanya: upande mmoja kwanza. Maliza kushoto, washa kwa balbu, pima, sikiliza, kulia kukiwa bado hakujaguswa ili uwe na cha kulinganisha. Piga picha bodi kabla ya kila kapasita kutoka. Mstari kwenye ganda la kapasita unaonyesha hasi, lakini kwenye bodi kuna wanaochora chanya na kuna wanaochora hasi, kwa hiyo fuata mchoro wa bodi na picha yako, ukigeuza itavimba na kupasuka. Na ukikuta iliyoandikwa NP au BP haina upande, lazima irudi ya namna hiyo. Solda ya zamani inyonye vizuri kabla ya kuvuta, ukivuta kwa nguvu unang'oa na njia ya shaba, bodi hizi za zamani shaba yake inabanduka kirahisi sana ukiichoma muda mrefu.

Kuna kile kikapasita kidogo kwenye swichi ya umeme, kinachozuia cheche. Kinakaa kwenye umeme wa ukutani kabisa, kikizeeka kinapiga shoti na kunuka chumba kizima. Weka cha daraja X2 kilichoandikwa hivyo mwilini, cha kawaida hata kiwe cha volti 400 hapana.

Transista za mwisho ni 2N3055 na mwenzake MJ2955, yale makopo ya chuma. Kama zinafanya kazi usiziguse aisee. Kama zimekufa, MJ15003 na MJ15004 zinaingia, lakini nunua kwa muuzaji anayeeleweka maana feki zimejaa dunia nzima, Kariakoo ya Dar, Luthuli ya Nairobi, mtandaoni, kote. Ganda zuri maandishi mazuri, ndani kichipu kidogo kama cha redio ya mfukoni, ukipandisha volyumu inakata. Usisahau maika (kile kipande chembamba cha kuzuia umeme) na grisi ya joto, halafu pima kwa mita kwamba ganda la transista haligusani na chuma cha ampu.

Zile trimpoti (resista ndogo za kuzungusha) za kurekebisha bayasi, yaani umeme mdogo unaopita kwenye transista hata muziki ukiwa kimya, zimechoka, weka za kisasa za kuzungusha mizunguko mingi, na kabla ya kuwasha ziweke upande wa bayasi ndogo kabisa. Bayasi inapimwa kwa milivolti juu ya resista ya emita, ni hesabu ya kawaida tu: resista ikiwa ohm 0.22 na manuali inataka miliampia 30, mita isome milivolti 6.6. Weka pungufu kidogo, acha ipate joto dakika 20, rudi malizia. Shika hitisinki (chuma cha kupoza transista) pande zote mbili, ikiwa moja moto moja baridi kuna upande unadanganya.

Kama unaogopea spika zako za gharama, kuna vimoduli vya kulinda spika vyenye IC ya uPC1237 na rilei, bei chee. Vinachelewesha spika sekunde chache ukiwasha na kukata DC ikitokea. Mpe katrafo kake kadogo mwenyewe, asile kwenye trafo ya ampu. Jaribio la kwanza lakini fanya na spika mbovu mbovu.

Bluetuthi, najua mtauliza. Usiichomelee ndani, inaingiza kelele za kichinichini kupitia graundi. Nunua risiva ya nje, chaja yake mwenyewe, ingiza AUX. Na usije ukaichomeka nyuma pale palipoandikwa Lab In au Normal In, huko volyumu ya mbele haifanyi kazi kabisa, muziki unaingia nguvu zote moja kwa moja kwenye spika.